Mto Hausomwi Kwenye Kioo

Sisi wazazi wa hapa Durban tumechoka. Wanetu wanatalii mito ya mbali kwenye kompyuta, nao Palmiet unapita papa hapa, ukaingie Umgeni pale penye mabanda ya Quarry Road. Eti maji machafu, hasa tangu mafuriko ya Aprili 2022. Kweli, machafu. Glavu na sabuni ni za nini basi? Kipimo cha miniSASS, kilichobuniwa Afrika Kusini hii hii, kinataka chandarua na beseni tu. Viumbe wamegawanywa makundi 13: mabuu ya kereng'ende alama 6, ruba, wavumilivu wa uchafu, 2. Mtoto akiambulia ruba na minyoo mitupu, jioni atatuuliza habari za mabomba ya majitaka. Picha za mito ya wenzetu hazimfikishi huko.