Pakiti Isiyovuja Kiwandani Yaweza Kuvuja Kiegeani

Dawa inayomfikia mgonjwa wa Kiegeani, kisiwani Mafia, imevuka bahari. Kati ya Nyamisati na Kilindoni maboksi hupakiwa na kupakuliwa, hupigwa jua na upepo wa chumvi, kisha huendelea na safari ya barabarani. Hayo yote hutokea baada ya kiwanda kutoa cheti kwamba pakiti haivuji.

Cheti hicho hupatikanaje? Njia kongwe ni kuzamisha sampuli chache za pakiti za vidonge katika maji yenye rangi ya bluu, kuvuta hewa mpaka pawe na ombwe, kisha kuiachia irudi. Penye tundu, rangi huingia katika kijumba cha kidonge. Ni njia rahisi, lakini huharibu sampuli, na hutegemea jicho la mkaguzi ambaye huenda amechoka. Njia mpya zaidi huiweka pakiti kavu ndani ya chemba, hewa ya chemba ikavutwa, na kipimo kikatazama shinikizo: likipanda kupita kiasi, pakiti inavuja. Ampuli za kioo hupimwa kwa umeme wa volti kubwa, ambao hupenya penye ufa. Farmakopia ya Marekani, katika sura ya 1207 iliyoandikwa upya mwaka 2016, inazipendelea njia zinazotoa namba kuliko zinazotegemea jicho, na ina haki. Wanunuzi wa dawa za umma nao wangepaswa kudai namba hizo.

Anayeona kwamba huu ni ukaguzi wa kupita kiasi akumbuke Marekani ya miaka ya 1970 na 1971. Wagonjwa waliotundikiwa dripu katika hospitali mbalimbali walipata maambukizi ya damu, na chanzo kikaonekana kuwa bitana mpya ndani ya vifuniko vya chupa. Maji yenyewe yalikuwa yametakaswa. Kasoro ilikuwa kwenye kifuniko.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi hutendeka karibu na mgonjwa, na chombo chake ni mkasi. Mhudumu anayetaka kutoa vidonge vinne hukata pakiti. Mkasi ukipita karibu mno na kijumba, mshono uliopimwa kwa ombwe kiwandani hufunguka kwa sekunde moja. Tena kipande anachopewa mgonjwa mara nyingi hakina tarehe ya mwisho wa matumizi wala namba ya toleo, kwa kuwa vimebaki upande wa pili. Kopo la vidonge 1000, likifunguliwa kila siku katika hewa nzito ya pwani, lina hatari ileile. Aspirini iliyonyonya unyevu huanza kunuka siki. Amoksilini yenye klavulaneti haitoi onyo la harufu namna hiyo. Hupungua nguvu kimyakimya, na mtoto mwenye maambukizi huonekana kama amekutana na usugu wa dawa.

Zahanati haihitaji chemba ya ombwe. Mfuko wa dripu ukaminywe kwa mikono miwili na kutazamwa kama unatoa tone. Pakiti ielekezwe kwenye mwanga ili tundu la karatasi ya alumini lionekane; kidonge kilicholainika, kilichobadilika rangi au kilichogeuka unga kisitolewe. Mkasi upite katikati ya mistari, au, bora zaidi, viwanda vitengeneze pakiti za dozi kamili, kama ilivyofanywa kwa dawa mseto ya malaria, ambayo pakiti zake hupangwa kwa uzito wa mgonjwa.

Naye mgonjwa anayerudi na pakiti iliyotoboka asikaripiwe kwamba ameiharibu mwenyewe. Huenda ni kweli, lakini huenda pia ni toleo zima lenye mshono dhaifu, na yeye ndiye wa kwanza kuliona. Abadilishiwe dawa, pakiti itunzwe pamoja na namba yake ya toleo, na taarifa ipelekwe kwa mfamasia wa wilaya na TMDA.