Kati ya Leta na prive, mtoto bado hasikii

Lubumbashi. Katika nyumba moja ya Katuba kuna kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mna vifungo, uzi, na apareyi moja ya masikio. Apareyi hiyo ilinunuliwa dola 350. Ili kuipata, mama wa nyumba aliuza mashini yake ya kushona. Aliyepashwa kuivaa ni mtoto wake wa miaka 9, mdogo wa mwenzetu mmoja. Leo haivai tena, na mama anashona kwa mashini ya kukodi.

Tunaandika juu ya kopo hilo sababu sisi wenyewe tulipita mbele yake miezi mingi. Tulikuwa tunafanya mikutano yetu katika kiwanja cha nyumba ile. Mtoto alikuwa anakaa pembeni, anatuangalia midomo. Tukimwita, haji. Siku moja mmoja wetu akasema: "Huyu mutoto iko na kiburi." Hakuna aliyebisha. Sisi tunaosema kila siku kama tunasikiliza raia, hatukujua kama kuna mtu asiyesikia, hatua tatu kutoka pale tulipokaa. Hilo ni kosa letu, na tunaanzia hapo.

Mambo yalikwenda hivi. Alipokuwa na miaka 6 mtoto alishikwa na meninjiti. Akapona, familia ikashukuru Mungu, maisha yakaendelea. Hakuna aliyemwambia mama kama meninjiti inaweza kuacha mtu mzima wa mwili lakini na masikio yaliyokufa, na kama mgonjwa akitoka kitandani anapashwa kupimwa masikio mapema. Mtoto akarudi masomoni. Tangu Septemba 2019 Leta ilitangaza kama shule ya msingi ni bure, na madarasa yalijaa. Yeye alipata nafasi nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwalimu akisema mbele, yeye anaona mdomo unacheza. Akarudilia mwaka wa tatu. Alipigwa fimbo juu ya "kutosikia", na kweli alikuwa hasikii.

Mama akaanza kutembea. Kwanza hospitali ya Leta. Akalipa fishi, akapanga mustari toka asubuhi hadi saa nane, akaonana na mtu aliyemwangalia mtoto masikio kwa taa ndogo. Jibu likawa: "Mashini ya kupima iliharibika. Mwende mutafute ku prive." Karatasi ikapigwa muhuri, na anwani ya prive ikaandikwa nyuma kwa kalamu.

Huko prive hakuna mustari. Kuna kiti kizuri na maji ya kunywa. Mwenye duka akamvalisha mtoto apareyi, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, akauliza: "Unasikia?" Mtoto akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mtoto gani atasema hapana, mbele ya mama aliyeuza mashini yake? Kipimo kikaishia hapo. Baada ya miezi michache apareyi ikaanza kupiga filimbi katika sikio. Betri zikaisha. Mama alipoenda kununua zingine, bei ilikuwa ya chakula cha siku mbili. Aliporudi kulalamika juu ya filimbi, akaambiwa anunue mpya. Ndipo kopo la maziwa likapata kazi.

Mtu akisikia habari hii, mara moja anachagua upande. Mmoja anasema: "Leta ilishakufa, kila kitu kiende ku prive." Mwingine anasema: "Prive ni wezi tu." Sisi hatuendi na mmoja wao. Kuna waganga na wauguzi wa Leta wanaofanya kazi kwa moyo, na mshahara wao unachelewa. Kuna watu wa prive ambao ndio peke yao katika mji mzima wenye chumba cha kimya na mashini nzima ya kupima. Swali letu ni lingine: mama wa Katuba alichagua nini na nini? Mlango wa kwanza haukuwa na kitu. Mlango wa pili ulikuwa na kitu lakini hakuna aliyekipima na mtoto. Hapo hakuna kuchagua. Ni kufukuzwa huku na kuuziwa kule.

Kuchagua kweli kunaonekana hivi. Uingereza, hospitali ya umma inampa mgonjwa apareyi bila malipo, na betri, na matengenezo. Anayetaka ndogo zaidi, ao asiyependa kungoja, anaenda prive na anatoa pesa yake. Ufaransa, tangu Januari 2021, kuna aina ya apareyi ambayo mtu anaipata bila kutoa kitu mfukoni, na duka linapashwa kumwonyesha hiyo pia kabla hajalipa. Hatusemi Kongo iwe Ufaransa kesho asubuhi. Tunasema jambo moja: prive ina maana tu pale ambapo Leta imeweka msingi chini. Pasipo msingi huo, bei inapangwa na mwenye duka, na ubora unahukumiwa na mtoto wa miaka 9 anayemwonea mama yake huruma.

Mtu asifikiri kama ni jambo la watu wachache. OMS, Shirika la Afya la Dunia, inasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji kusaidiwa sababu hawasikii vizuri, na karibu 80% yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Angalieni hapa kwetu. Meninjiti. Masikio ya watoto yanayotoka usaha na hayatunzwi. Dawa fulani za sindano zinazoumiza sikio, zikitolewa bila kufuatiliwa. Kelele ya mashini za kusaga unga, za groupe mbele ya kila duka umeme ukikatika, za baruti na mitambo migodini. Wengi wetu tuliomaliza iniversite na hatuna kazi tunavaa ekuta masikioni siku nzima, sauti juu kabisa, ili siku ipite. Sikio likishakufa ndani, hakuna dawa ya kulirudisha. Apareyi inakuza sauti tu. Haiponyeshi.

Basi wewe ndugu, wewe dada, ukiwa na mtu nyumbani asiyesikia vizuri, na unapashwa kuamua leo kabla Leta haijaamka, tunakuambia kile tulichojifunza, tena kwa kuchelewa.

Kwanza, anza na munganga, usianze na duka. Mara nyingi hospitali ya Leta inatosha kwa hatua hii, na bei yake iko chini. Kuna watu wasiosikia sababu ya nta iliyojaa sikioni, ao ya usaha unaohitaji dawa. Nta inatolewa kwa dakika chache. Ungekuwa umekwenda dukani kwanza, ungerudi na apareyi ya mamia ya dola juu ya sikio lililozibwa tu. Mwenye kusikia ghafla sikio limekufa asingoje hata wiki. Aende hospitali siku ile ile.

Pili, omba odiograma. Hiyo ni karatasi yenye mistari inayoonyesha kila sikio linaanza kusikia wapi, kwa desibeli, sauti nene na sauti nyembamba. Makofi nyuma ya kichwa hayawezi kuchukua nafasi yake. Karatasi ile ni yako, uiombe na uitunze. Ukiwa nayo unaweza kwenda prive mbili, tatu, na kulinganisha. Usipokuwa nayo, kila duka linaanza upya na kukuambia linalotaka. Na karatasi hiyo inaweza kukuambia pia jambo gumu: kama sikio limekufa kabisa, apareyi haitasaidia sana, na pesa ile ni bora imsaidie mtoto kuingia shule inayofundisha kwa lugha ya alama.

Tatu, uliza bei ya mwaka mzima, usiulize bei ya siku moja. Apareyi nyingi za bei ya kawaida zinatumia betri ndogo za kutupa, zinazoisha baada ya wiki moja ao mbili. Hesabu: ni ngapi kwa mwaka, na zinapatikana hapa mjini ao mpaka mtu azilete kutoka nje? Za kuchaji ziko, lakini mtaa wako unapata umeme saa ngapi kwa siku?

Nne, uliza juu ya kile kipira kinachoingia katika sikio. Kinapashwa kutengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtu mwenyewe. Mtoto anakua, na sikio lake linakua pia. Kipira kinalegea, sauti inatoroka, na apareyi inapiga filimbi. Ile filimbi ya Katuba haikuwa lazima iwe apareyi iliyokufa. Pengine ilihitaji kipira kipya tu. Hakuna aliyemwambia mama.

Tano, usilipe bila karatasi ya malipo yenye jina la apareyi, namba yake, na muda wa garanti. Uliza: nikirudi baada ya mwezi, mutairekebisha bure? Apareyi inahitaji kurekebishwa mara kadhaa hadi mtu aizoee. Anayekataa kuandika, mwache na biashara yake. Na vile vidude vya kukuza sauti vinavyouzwa sokoni, sawa kwa kila mtu, bila kipimo, musivipeleke katika masikio ya watoto.

Hayo ni ya kujisaidia. Lakini raia hapashwi kuwa munganga, mfundi na polisi wa mwenyewe. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 49 kinasema wazee na watu wenye ulemavu wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilipata sheria nzima ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi ziko. Mashini ndiyo haiko.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayasema wazi ili mtu asiseme hakuelewa.

Katika kila hospitali kuu ya provensi kuwe na mashini ya kupima masikio inayofanya kazi, mtu aliyefundishwa kuitumia, na pesa ya kuitengeneza ikiharibika. Mashini bila fundi ni mapambo.

Kila mtoto anayepona meninjiti apimwe masikio kabla ya kurudi nyumbani, ao mapema iwezekanavyo, bila malipo. Mpango wa afya kwa wote ulianza na kujifungua bure. Ni vizuri. Mtoto aliyezaliwa bure asiachwe baadaye.

Bei za prive zibandikwe ukutani, na wizara ya afya iende kukagua wanaouza apareyi bila kipimo. Na mfanyakazi wa Leta anayemtuma mgonjwa prive aandike sababu mbele ya karatasi, pale penye muhuri, siyo nyuma kwa kalamu.

Na kule Kolwezi, Likasi na Fungurume, jamii zikae na kuuliza. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni zitoe 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na migodi. Kelele ni moja ya vitu ambavyo migodi inatoa. Chumba kimoja cha kupima masikio kinaweza kuingia katika orodha ile, pembeni ya shule na visima.

Sisi tumeanza na kidogo tunachoweza. Mwenzetu mmoja amempeleka mtoto kupimwa upya, na safari hii karatasi imebaki nyumbani. Tulikwenda kuonana na mwalimu. Mtoto sasa anakaa mbele, na mwalimu alituomba msamaha, nasi tukamwambia hata sisi tulimwita mtoto mwenye kiburi. Katika mikutano yetu tunakaa kwa duara, anayesema anasimama pale uso unaonekana, na maamuzi yanaandikwa ubaoni. Haikutuomba dola hata moja.

Lakini mashini ya kushona bado haijarudi. Mama anailipa ile ya kukodi kila juma, na kopo liko pale pale dirishani. Wiki ijayo tutakwenda katika hospitali za mji huu, moja kwa moja, kuuliza swali fupi: mashini ya kupima masikio inafanya kazi? Njoo na sisi, na uulize pia kule unapoishi. Jibu lolote tutakalopewa, tutaliandika hapa.