Tumpinge Ibn Rushd, Lakini Tusimsingizie

Wako Wakristu wanaouliza: «Mkatoliki ana kazi gani na vitabu vya Mwislamu wa zamani?» Wengine, wakisikia jina la Ibn Rushd, ambaye Walatini walimwita Averroes, husema mara moja: «Ndiye aliyefundisha kwamba kweli ni mbili, moja ya dini na moja ya akili, nazo zaweza kupingana.» Sisi twajibu: neno la kwanza ni uvivu, na la pili ni masingizio.

Tutazame kwanza maisha yake. Alizaliwa Cordoba, nchi ya Hispania, mwaka 1126. Alikuwa kadhi huko Sevilla na Cordoba, tena mganga wa mfalme. Alifafanua vitabu vya Aristoteli kwa miaka mingi. Mwaka 1195 mfalme alimfukuza akakae Lucena, na vitabu vyake vya filozofia vikachomwa moto. Baadaye alisamehewa, akafa Marrakech mwaka 1198.

Katika kitabu chake Fasl al-Maqal alishika kwamba kweli haipingani na kweli. Basi, habari ya kweli mbili ilitoka wapi? Ni shitaka la Askofu Etienne Tempier wa Paris, mwaka 1277, alipokataza maneno 219 yaliyofundishwa na walimu fulani wa mji ule. Watu wa baadaye wakambandika Ibn Rushd shitaka hilo, naye alikuwa kaburini miaka karibu themanini.

Je, hakukosa? Alikosa, tena sana. Alifundisha kwamba akili ni moja tu kwa watu wote. Kama ndivyo, Petro na Yoane hawafikiri kila mmoja kwa akili yake. Tena, baada ya kufa, nani atapewa tuzo, na nani ataadhibiwa?

Mtakatifu Toma wa Akwino alilipinga kosa hilo kwa kitabu kizima, mwaka 1270, tena kwa ukali. Lakini hakumpinga kwa sababu ni Mwislamu. Aliyapima maneno yenyewe kwa akili na kwa vitabu vya Aristoteli. Na katika maandiko yake mengine alimtaja kwa jina la heshima: Mfafanuzi. Apingaye hivyo, amesoma kwanza.

Asiyesoma huchukuliwa na kila mpiga ngoma. Mwaka 1852 Ernest Renan, Mfaransa, alimfanya Ibn Rushd kuwa shujaa wa akili isiyotaka kufungwa na dini. Mwaka 1903 Farah Antun, Mkristu wa Lebanoni, alitoa kitabu juu yake huko Misri, na mufti Muhammad Abduh akabishana naye. Tena Mohammed Abed al-Jabri wa Moroko, aliyekufa mwaka 2010, aliwahimiza Waarabu waifuate njia yake ya kufikiri. Kila mmoja humvuta kwake. Atakayejua nani asema kweli ni yule aliyechunguza.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano, katika Nostra Aetate, ulituomba tujitahidi kuelewana na Waislamu. Sisi wa Kongo tunao kwa jirani, huko Kasongo na Kindu. Tutaelewanaje nao, tukiwasingizia hata wafu wao? Amri ya nane haikuweka mpaka wa dini. Makatekista na wazazi, tusome kwanza, ndipo tuhukumu. Imani yetu haiogopi kweli, wala haihitaji msaada wa uongo.