Maganda ya Korosho na Maji ya Kisima

Msimu wa kiangazi mikorosho ya Ruangwa na Nachingwea, Likunja ikiwamo, hupuliziwa dawa. Salfa huzuia ubwiriunga, nazo dawa za maji huua wadudu wanaofyonza machipukizi. Salfa haiyeyuki majini. Lakini mabaki ya baadhi ya dawa za maji yaweza kuchukuliwa na mvua hadi visimani. Yafaa ieleweke kwamba kuchemsha huua vijidudu tu. Sumu nyingi za aina hii hubaki, na maji yapunguapo huzidi kukolea.

Dawa moja inayojulikana ni mkaa. Ganda likichomwa pasipo hewa ya kutosha, kisha likapitishiwa mvuke mkali, hujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja yaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500, na chembe za sumu hunasa juu ya uso huo. Duniani vifuu vya nazi hutumika sana kwa kazi hii, na watafiti wameonyesha kuwa maganda ya korosho nayo yafaa.

Ganda ni karibu sehemu saba katika kumi za uzito wa korosho. Hata hivyo, sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa ghafi India na Vietnam. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua. Vingi vilisimama katika muongo uliofuata. Basi mkulima hubaki na sumu, na kichujio husafiri melini. Hoja ya kubangua nchini, kwa hiyo, si ya fedha tu. Ni ya maji pia.

Tahadhari ni lazima. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, wanafunzi wasilichome. Shuleni watumie mkaa wa vifuu uliosagwa, wauchanganye na maji yenye wino kidogo, wachuje, na kulinganisha rangi. Lakini maji meupe si ushahidi wa usalama. Hilo huamuliwa na maabara. Aidha, mkaa uliotumika haukuiangamiza sumu, umeishika tu. Ukitupwa ovyo, huirudisha ilikotoka.

Kichujio kilicho bora kuliko vyote ni kutopulizia wala kuosha bomba la dawa karibu na kisima.