MAONI YETU: BEI YA SAHANI NA JASHO LA MCHOMAJI



Wengi wetu tunaokaa Kibera na katika maghorofa ya Nyayo Highrise twanunua chakula cha jioni kwenye vibanda vya nyama. Nyama ya ng'ombe, kuku na mishikaki huchomwa juu ya makaa, hukatwa juu ya ubao, hutiwa pamoja na wali na kachumbari, kisha hufungwa, mtu akaenda zake nyumbani. Aliyetoka kazini saa kumi na mbili, na bado ana mwendo wa miguu, hana nguvu ya kuwasha jiko. Vibanda hivi ni msaada kwetu, na hatuandiki ili kuvisema vibaya.

Lakini twauliza: yule anayesimama mbele ya moto ni nani? Naye ni mfanya kazi kama sisi. Hufika asubuhi kuchambua mchele na kukata nyama, huondoka usiku mteja wa mwisho akiisha kwenda. Wengi wao hawana barua ya kazi wala siku ya kupumzika, na malipo yao hufuata mauzo ya siku. Mvua ikinyesha biashara hulala, naye hurudi kwake mikono mitupu.

Sheria ya Ajira ya 2007 haikuruhusu hayo. Yasema mfanya kazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Hayo si ya hoteli kubwa peke yake. Hata kibanda cha mabati kimo.

Wenye vibanda watasema makaa ni ghali. Twajua. Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda sana hapa Nairobi. Twajua pia kwamba mwenye kibanda si tajiri; pengine naye amepanga chumba kama sisi. Lakini mwuza makaa halipwi kwa ahadi, wala mwuza mchele. Kwa nini mchomaji peke yake aambiwe angoje kesho?

Tena kuna afya yake. Mvua inapokuja jiko huvutwa ndani na mlango hurudishwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Kuacha upenyo wa hewa hakumgharimu mwenye kibanda hata senti.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, kila mchomaji awe na daftari, aandike siku alizofanya kazi na fedha alizopokea. Siku ya shauri, daftari hilo litamsemea. Pili, wachomaji wa vibanda vyote vya mtaa wakutane, kwani kibanda kimoja kina watu wawili watatu tu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Makhan Singh na Fred Kubai walipoanzisha Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Afrika Mashariki mwaka 1949, walikuwamo mafundi wa nguo na wa viatu, watu wa karakana ndogo ndogo. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Tatu, wewe mwanachama, mwambie mchomaji wako habari hizi unapongoja sahani yako, na umlete katika mkutano wa tawi.

Mwanachama anayedai nyongeza mchana hawezi kutaka, ikifika jioni, alishwe kwa jasho lisilolipwa. Ikiwa ujira wa haki utaongeza shilingi chache katika bei ya sahani, na tuzilipe bila kunung'unika.

Umoja ni nguvu.