Mtoto Asitumwe Kununua Sigara

Liko jambo dogo lifanyikalo jioni katika vijiji vyetu, toka Kinole na Matombo hata Mgeta, nalo kwa udogo wake halitazamwi na mtu. Baba amerudi shamba, ameketi barazani. Humwita mwanawe, humpa fedha, humwambia, "Kimbia dukani, niletee sigara mbili, na moja uiwashe jikoni." Mtoto hukimbia kwa furaha, maana kutumwa na mkubwa ni heshima. Huinama penye mafiga, huitia sigara mdomoni, huivuta kidogo ili ishike moto, kisha humpelekea baba yake. Baba husema, "Ahsante, mwanangu." Sisi twauliza: mtoto huyo ameshukuriwa kwa kazi gani?

Ameshukuriwa kwa kuvuta sigara. Wala baba hakukusudia hivyo. Walakini moshi hauulizi makusudi ya mtu. Miaka michache ikipita, kijana yule atanunua sigara kwa fedha zake mwenyewe, na baba yule yule atalalamika barazani kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Je, ni nani aliyemwonyesha njia ya dukani? Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Serikali yetu ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, nayo yakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo ni njema. Lakini mwenye duka kijijini atamkataliaje mtoto asemaye, "Nimetumwa na mjomba"? Katika Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, neno la mjomba si neno la kupuuzwa. Basi kila mkubwa amtumaye mtoto sigara huivunja sheria kwa mikono ya wawili: mikono ya mtoto, na mikono ya mwenye duka. Yeye mwenyewe hubaki ameketi.

Tumezisikia sababu nyingi za kujitetea. Na tuzipime moja moja.

Wako wasemao, "Babu zetu walivuta kiko, nao waliishi miaka mingi." Mzee aliyefika miaka 90 na kiko chake twamwona, kwa kuwa yu hai. Wenzake waliokufa wakiwa na miaka 55 hawapo barazani ili tuwahesabu. Mwaka 1951 mabwana wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia waganga wa nchi yao wakiwauliza habari za uvutaji wao. Wanaume zaidi ya 34,000 walijibu, na habari zao zikafuatwa kwa muda wa miaka 50. Hesabu ilipotolewa mwaka 2004, ilionekana kwamba waliovuta sigara maisha yao yote walikufa mapema kuliko wasiovuta, kwa kadiri ya miaka 10. Tukumbuke kwamba hao walikuwa waganga, watu wa elimu. Kama elimu yao haikuwakinga na moshi, mazoea yetu yatatukingaje?

Wengine husema, "Huku milimani kuna baridi, sigara hutupasha moto." Hili nalo si kweli. Ndani ya tumbaku mna sumu iitwayo nikotini, nayo huibana mishipa midogo ya damu, hata damu ipitayo vidoleni ikapungua na ngozi ikapoa. Mtu hujiona amepata joto, kumbe vidole vyake vimezidi kuwa baridi. Uji wa moto na blanketi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, wala havimletei mtu kikohozi. Tena, mtu akivuta ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ajili ya baridi, watoto wake wote huvuta pamoja naye, hata yule aliye mgongoni mwa mama. Moshi huo huwaletea watoto wachanga nimonia na magonjwa ya masikio, nao huwazidishia wenye pumu taabu yao.

Tena wako wasemao, "Morogoro hula kwa tumbaku, tukiiacha, watu watakosa kazi viwandani." Ni kweli kwamba mji wetu umejulikana kwa miaka mingi kwa kusindika tumbaku iletwayo kutoka Tabora na mikoa mingine. Walakini sehemu kubwa ya majani hayo husafirishwa nje ya nchi. Mkulima wa kabichi wa Mgeta akiacha sigara zake tano za kila siku, hakuna mashine itakayosimama mjini. Kitakachosimama ni kikohozi chake.

Mwisho wako wasemao, "Nataka kuacha, lakini siwezi." Hao twawaonea huruma, maana nikotini humfunga mtu kweli kweli. Lakini tunao ushahidi juu yao. Je, hatuwajui watu waachao sigara siku 40 za Kwaresima, kisha huirudia siku ya Pasaka? Siku zilizo ngumu kupita zote ni zile za kwanza. Mtu huwa mkali, hukosa usingizi, na mawazo yake hutawanyika. Baada ya majuma mawili hadi manne sehemu kubwa ya taabu hiyo hupungua. Basi mtu aliyemaliza Kwaresima amekwisha kupanda mlima na kufika kileleni. Mbona ateremke tena kwa upande ule ule aliopandia?

Anayetaka kuacha na achague siku, awaambie watu wa nyumbani mwake, wapate kumvumilia. Hamu ikimjia, ajue kwamba kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Na anywe maji, atafune karoti au kipande cha muwa, au ainuke atembee. Kwa muda ajiepushe na kilabu cha pombe, maana pombe na sigara ni marafiki wa siku nyingi. Wala asikimbilie ugoro. Nao una nikotini, tena tumbaku ya kutafuna huleta saratani ya kinywa. Akishindwa, aende zahanati akatake shauri, kisha ajaribu tena. Wale waganga wa Uingereza walioacha wakiwa na miaka 50 walijipatia kama miaka 6 ya kuishi. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliokoa karibu yote 10. Hakuna aliyechelewa mno, lakini wa mapema hupata zaidi.

Na fedha je? Mtu avutaye sigara tano kwa siku huvuta 150 kwa mwezi wa siku 30, na kwa mwaka 1,825. Mwenye duka na amwambie bei ya moja, naye azidishe mwenyewe, mbele ya mkewe na wanawe. Kisha wahesabu pamoja ni mayai mangapi, ni madaftari mangapi, ni sabuni ngapi zimekwenda hewani.

Hatutarajii kwamba wavutaji wote wataacha juma hili. Lakini jambo moja lawezekana leo kabla jua halijachwa, wala halina gharama: mtoto asitumwe sigara, wala asiiwashe, wala asiuziwe, hata akitaja jina la baba au la mjomba. Atakaye kuvuta na ashuke mwenyewe dukani, na apande mwenyewe kurudi nyumbani kwake. Njia za Uluguru zina mwinuko, na pumzi zitakapomwishia katikati ya kilima atapata nafasi ya kusimama na kufikiri.