Siyo kila ua jeupe ni mashona nguo

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mfanyabiashara wa hapa Mikese, kuna kauli naisikia kila msimu: "Majani ni majani tu, palilia yaishe." Siikubali. Kauli hiyo ndiyo itakayotuingizia gugu karoti shambani huku tukiliita mashona nguo.

Yote mawili ni ya ukoo mmoja na alizeti, na yote yana maua meupe. Lakini mashona nguo unaling'oa kwa mkono bila shida, na wengine huchuma majani yake machanga wakapika mboga. Gugu karoti ukilishika mara kwa mara kwa mikono mitupu ngozi inaweza kuwasha na kuvimba, na vumbi la maua yake huwaletea baadhi ya watu pumu. Ng'ombe au mbuzi akilila, maziwa huwa machungu. Nani atayanunua?

Kabla hujainama kung'oa, angalia haya:

1. Majani. Ya mashona nguo huota mawili mawili yakielekeana, yenye meno kama msumeno. Ya gugu karoti yamechanika kama ya karoti na yanapishana kwenye shina. Likiwa changa, hutandaza majani chini kwa duara.
2. Shina. La mashona nguo lina pembe nne. La gugu karoti lina mistari kutoka chini hadi juu, na vinyweleo.
3. Maua. Ua la mashona nguo lina kitovu cha njano. Gugu karoti lina vijiua vidogo vyeupe, vingi sana.
4. Mbegu. Za mashona nguo ni sindano nyeusi zinazonasa kwenye nguo. Za gugu karoti ni ndogo, hazinasi hivyo.

Mtaniambia, "Hilo ni la Arusha." Kweli, Arusha liliripotiwa mwaka 2010. Lakini asili yake ni Amerika. Lililovuka bahari litashindwa na barabara kuu? Malori yanapita Mikese usiku na mchana, na mbegu zake husafiri kwenye tope la matairi, samadi na majani ya mifugo. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000.

Wewe unayeuza samadi na majani ya mifugo, usiseme "mimi nauza tu." Uliza mzigo umetoka wapi. Ukiona vijiua hivyo, usipakie. Leo utapata hela ya gunia moja, mwakani mteja wako atakosa mavuno na hatarudi kwako.

Nawe mkulima, ling'oe pamoja na mzizi kabla halijachanua, udongo ukiwa na unyevu, ukiwa umevaa glovu na shati la mikono mirefu. Likishatoa mbegu usiliburute njiani wala kulitupa kwenye mboji. Liache hapo hapo, mwite afisa ugani wa kata yako siku hiyo hiyo.

Kulijua jina lake ni bure. Kulikosea ndiko kuna gharama.